ARDHI YA KIJIJI INA MWENYEWE

Somo la redio kwa vikundi vya kusikiliza. Msemaji: Afisa Elimu, Kitete, Tabora.

Kwa kiongozi wa kikundi: Baada ya kusikiliza, somo hili lisomwe tena pole pole, kipande kwa kipande. Mtu asiyeelewa aulize hapo hapo. Karani aandike majibu ya kikundi katika daftari.

 Natumaini mmekwisha kaa vizuri, na karani amekwisha fungua daftari lake.

Leo tutazungumza habari za ardhi. Sitaeleza mbegu wala mbolea, kwa kuwa hayo Bwana Shamba atawaeleza vizuri kuliko mimi. Nitaeleza jambo linalotangulia mbegu na mbolea, yaani: ardhi tunayoilima ni ya nani, nani ana amri ya kuigawa, na tufanyeje ili wajukuu wetu nao waikute ikiwa na nguvu.

Nitaanza kwa swali. Ukisimama nje ya nyumba yako ukaulizwa, "Shamba lile la mihogo ni la nani?" utajibu upesi, maana kila shamba lina mwenyewe na jirani zake wanamjua. Lakini ukiulizwa, "Na msitu ule ulio nyuma ya mashamba ni wa nani?" hapo watu wengi husita. Mmoja atasema, "Ule ni wa Serikali." Mwingine atasema, "Ule hauna mwenyewe."

Ikiwa msitu huo uko ndani ya mipaka ya kijiji, wala si msitu uliotangazwa kuwa hifadhi ya Serikali, basi majibu yote mawili si kweli. Tena yote mawili yana hasara. Maana kitu kikiwa cha Serikali, mimi najiona sina kazi ya kukilinda. Na kikiwa hakina mwenyewe, anayewahi ndiye anayekula. Ndivyo ardhi za vijiji vingi zilivyopotea, bila vita wala kelele.

SHAMBA DOGO HALISIMAMI PEKE YAKE

Tuchukue mfano wa mkulima mmoja wa sehemu zetu hizi. Ana eka nne. Katika eka mbili analima mahindi na karanga. Eka moja ni ya tumbaku. Nusu eka ni ya mihogo na viazi. Na nusu eka iko mbugani, amejenga majaruba ya mpunga. Watu husema, "Huyu ni mkulima wa eka nne." Haya, na tumhesabie.

Tumbaku yake hukaushwa katika bani, na bani halifanyi kazi bila kuni. Kuni anazikata wapi? Msituni. Samadi anayoitia katika mahindi inatoka kwa ng'ombe. Ng'ombe wanakula wapi? Malishoni. Maji yanayojaza majaruba yake yanatiririka kutoka ardhi ya juu. Ardhi hiyo ikiwa tupu, maji huja kwa fujo, yakabomoa kingo na kuleta mchanga. Tena kuna mizinga ya nyuki, kuna nyasi za kuezekea, kuna nguzo za kujengea, na mvua zinapoanza kuna uyoga ambao akina mama huutafuta chini ya miyombo.

Basi mtu huyu ameandikiwa eka nne, lakini anaishi kwa eka nyingi zaidi ambazo hazina jina lake. Siku ardhi ile ya pamoja ikiuzwa au ikiharibiwa, zile eka zake nne zitadhoofika ijapokuwa hakuna mtu aliyegusa mpaka wake. Kuni atazinunua. Ng'ombe atawauza, na samadi itakwisha. Mahindi yatapungua mwaka hata mwaka, na mwisho atauza shamba lenyewe.

Udongo wetu wa juu ni wa kichanga, nguvu yake huisha upesi. Wazee walilijua jambo hilo. Ndiyo sababu Wanyamwezi walilima kwa matuta, wakafukia majani ndani ya tuta yakaoza yakawa mbolea. Shamba likichoka waliliacha lipumzike miaka mingi, hata miti ikarudi. Siku hizi watu ni wengi, na nafasi ya kupumzisha mashamba imekuwa ndogo. Kwa hiyo hatuwezi tena kutumia ardhi bila hesabu, na hesabu ya ardhi ya pamoja haiwezi kufanywa na mtu mmoja.

DESTURI YA ZAMANI

Katika Unyamwezi wa zamani ardhi haikuuzwa. Mtemi alikuwa juu ya nchi, na chini yake walikuwako wanangwa waliotunza sehemu zao. Mgeni aliyetaka kukaa alikwenda kwa mwanangwa, akaonyeshwa mahali, akakata miti, akalima. Shamba lilikuwa lake maadamu analitumia, wala hakuna aliyemnyang'anya mazao yake. Akihama, ardhi ilirudi, akapewa mwingine. Msitu, malisho na maji vilikuwa vya watu wote wa mahali pale.

Mashamba hayo madogo yalilisha watu wengi. Mnajua kwamba Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia ilitoka Bagamoyo ikaja Unyanyembe. Kutoka hapa moja ilikwenda Ujiji, na nyingine ilikwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapa mwaka 1857, na Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872. Wapagazi walipita kwa maelfu, na kila mmoja alitaka kula. Mtama, mahindi, mpunga na viazi vilivyowalisha vilitoka katika mashamba ya nchi hii.

Lakini tusiisifu desturi kupita kiasi. Siku zile baadhi ya mashamba yalilimwa na watumwa, na mara nyingi mwanamke alilima shamba asilokuwa na neno juu yake. Tunachotaka kukichukua katika desturi ile ni jambo moja: cha wote hakikuwa cha ovyo. Kulikuwa na mtu wa kuulizwa.

JINSI MAMBO YALIVYOBADILIKA

Mwaka 1895 Serikali ya Wajerumani ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Neno "isiyo na mwenyewe" lilikuwa pana sana, maana shamba lililopumzishwa na msitu wa kukatia kuni vilionekana kuwa havina mtu. Halafu wakaja Waingereza, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ikaiweka ardhi ya Tanganyika chini ya amri ya Gavana. Mwaka 1928 sheria hiyo ikarekebishwa ili itambue haki ya wenyeji wanaokaa kwa desturi zao, lakini haki hiyo haikuwa na nguvu kama ile iliyoandikwa katika hati.

Baada ya Vita ya Pili wakubwa walifikiri kwamba mkulima mdogo hawezi kitu, na kwamba kilimo cha maana ni cha mashine. Ndipo ulipokuja mpango wa karanga, uliofanywa Kongwa, Nachingwea, na hapa kwetu Urambo, kuanzia mwaka 1947. Matrekta yaling'oa miti. Lakini watu hawakuupima vizuri udongo wala mvua, wala hawakuuliza wenyeji. Mpango ukaachwa mwaka 1951, baada ya kupotea kiasi cha pauni milioni 36. Baadaye ardhi ya Urambo iligawiwa wakulima, wakalima tumbaku. Ukubwa wa shamba si dawa ya kila ugonjwa.

Mwaka 1955 Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ilishauri ardhi igawanywe iwe ya mtu mmoja mmoja, mwenye hati ya kuuza na kununua. Serikali ya kikoloni ililichukua shauri hilo mwaka 1958. Mwalimu Nyerere alilipinga mwaka huo huo katika maandishi yake yaliyoitwa "Mali ya Taifa". Hoja yake kubwa ilikuwa hii: ardhi haikutengenezwa na mtu, na ikifanywa bidhaa, maskini watauza na wenye fedha watanunua, hata wananchi wawe wapangaji katika nchi yao. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umiliki wa ardhi usio na mwisho ulifutwa.

Halafu ikaja kazi ya kuhamishia watu vijijini, hasa kati ya mwaka 1973 na 1976. Wazee wengi wanaikumbuka. Watu waliacha matongo yao na miembe yao wakaenda kukaa pamoja. Faida ilikuwako, maana shule na zahanati zilisogea. Lakini haki za ardhi zilichanganyika. Huyu alipewa shamba lililokuwa la yule, na miaka ya baadaye wenye matongo walirudi wakadai.

Kwa sababu ya magomvi hayo, mwaka 1991 Rais aliunda Tume ya kuchunguza mambo ya ardhi, mwenyekiti wake akiwa Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka nchi, ikasikiliza wananchi. Ilishauri kwamba ardhi ya kijiji iwe mkononi mwa Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji. Serikali haikulikubali shauri hilo lote. Hata hivyo sehemu yake imo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Hiyo ndiyo sheria tunayopaswa kuijua.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria inasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ardhi hiyo imegawanyika sehemu tatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi, na ardhi ya kijiji. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Lakini, ndugu zangu, sikilizeni vizuri hapa: Halmashauri husimamia kama mtu aliyepewa amana. Haina ruhusa kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na Mkutano Mkuu ni wewe, na mke wako, na mama yako, na kijana wako aliyefika miaka 18.

Ndani ya kijiji ardhi ni ya namna tatu. Kuna ardhi ya watu wote kwa pamoja, kama malisho, msitu, visima na njia. Kuna ardhi ya mtu mmoja, au jamaa, au kikundi. Tena kuna akiba, iliyowekwa kwa ajili ya watoto watakaokuja kuomba shamba.

Juu ya matongo, sheria imekata neno. Ardhi waliyopewa watu vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977 imethibitishwa kuwa yao.

Tena sheria inasema kwamba desturi yo yote inayomnyima mwanamke, au mtoto, au mtu mwenye ulemavu haki ya kuwa na ardhi, desturi hiyo ni batili. Sisemi kwamba kila nyumba imekwisha likubali neno hili. Nasema kwamba mjane anayefukuzwa shambani ana pa kwenda. Aanze kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu saba, na wasiopungua watatu kati yao ni wanawake. Kazi ya Baraza hilo ni kupatanisha. Wasipopatana, shauri hupanda juu, na mwenye amri ya kuhukumu ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

MFANO WA MKUTANO

Sasa tuseme siku moja gari limefika kijijini. Mna mtu mwenye fedha kutoka mjini, naye anataka eka 500 za msitu. Ni Mtanzania, hana ubaya. Mwenyekiti ameita mkutano, lakini ni wakati wa kupalilia, na watu waliofika ni wachache. Mwenyekiti anasema, "Mgeni wetu ameahidi kutujengea darasa."

Bibi mmoja anasimama. "Mwanangu Mwenyekiti, darasa ni jema. Lakini msitu huo ukilimwa, kuni tutakata wapi?"

"Bibi, msitu ni mkubwa. Utabaki."

"Utabaki kiasi gani? Umepimwa?"

Mwenyekiti hana jibu, kwa sababu haukupimwa.

Mimi ni mtu wa elimu, na darasa nalipenda. Watoto wanaosoma chini ya mwembe nimewaona. Lakini hesabu ni hii: darasa hujengwa mara moja, nalo lina wajibu wa kujengwa kwa njia nyingine, kwa nguvu zetu na kwa fedha za Halmashauri ya Wilaya. Msitu ukiondoka, watoto wale wale watakaosoma katika darasa hilo hawatakuta mahali pa kulima wakimaliza kusoma. Haifai kununua darasa kwa shamba la mwanafunzi.

Je, kijiji kimfukuze mgeni? Hapana, si lazima. Kijiji chaweza kumkubali kwa eka chache kuliko alizoomba. Chaweza kumkodisha kwa muda, kwa masharti yaliyoandikwa: asiguse chemchemi, aache ukanda wa miti, alipe kila mwaka, na muda ukiisha ardhi irudi. Mambo haya yote hujadiliwa mkutanoni na kuandikwa. Mkutano wa watu wachache uahirishwe mpaka watu watimie. Neno la darasa lisilo katika maandishi ni upepo.

Na mgeni akiwa si Mtanzania, hawezi kupewa ardhi ya kijiji. Ardhi lazima kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla. Ikiwa haizidi hekta 250, yaani eka 600 na kidogo, Mkutano Mkuu ndio wenye neno la kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua, baada ya kuangalia maoni ya kijiji. Na haihamishwi kabla watu hawajapatana juu ya fidia.

Lakini kumbukeni kwamba ardhi ikisha hamishwa imetoka mkononi. Wilayani Kisarawe, vijiji 11 viliachia zaidi ya hekta 8,000 kwa kampuni ya kigeni iliyotaka kulima mibono ya kutengeneza mafuta ya mitambo. Mwaka 2011 kazi ikasimama. Watu wakakosa ajira walizoahidiwa, na ardhi haikurudi vijijini yenyewe kwa sababu shamba limekufa.

JIRANI ZETU WA SHINYANGA

Wengine watasema, "Cha wote hakitunzwi. Afadhali kila mtu apewe kipande chake." Hoja hii ina nguvu, na tusiidharau. Sote tumeona kisima cha wote kilichokosa mtu wa kukifagia. Basi na tutazame jirani zetu wa kaskazini.

Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa la Tanzania. Miti ilifyekwa wakati wa ukoloni ili kuua mbung'o, halafu ikaja pamba, ng'ombe wakazidi, na watu walipohamishiwa vijijini, matunzo ya zamani yakaachwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, nayo iliendelea mpaka mwaka 2004. Mwanzoni walileta miche, lakini walipowasikiliza wenyeji walielewa kwamba Wasukuma wana desturi yao, nayo ni ngitili. Ngitili ni ardhi inayofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti viote, halafu hufunguliwa wakati wa kiangazi, ng'ombe wapate chakula. Nyingine ni ya jamaa moja, nyingine ni ya kijiji kizima.

Kazi ilipoanza, ngitili zilizobaki zilikuwa kiasi cha hekta 600. Ilipomalizika, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miti mingi haikupandwa na mtu. Ilichipua yenyewe kutoka visikini, kwa sababu iliachwa kwa amri. Na amri hiyo ilitolewa na watu wenyewe, wazee wakiisimamia kwa baraza lao la desturi liitwalo dagashida. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati alitozwa faini, hata akiwa tajiri.

Jambo la kujifunza ni kwamba ngitili za kijiji zilifanikiwa pale palipokuwa na mpaka unaojulikana, sheria inayojulikana, na mtu wa kuulizwa. Palipokosekana hayo matatu, hata neno "mali yetu" halikusaidia.

Na hapa karibu na Tabora, Kituo cha Utafiti cha Tumbi kilifanya majaribio ya mashamba ya miti ya akasia kwa ajili ya kuni za tumbaku. Mkulima hupanda miti pamoja na mahindi miaka ya kwanza, kisha huiacha miti ikue. Baada ya miaka kama mitano huivuna, na hapo hulima tena mahindi katika udongo uliopata nguvu. Mwenye bani akifanya hivyo, msitu wa kijiji hupumua.

KAZI YA KUFANYA

Ndugu wasikilizaji, mnaweza kuuliza, "Sasa tuanzie wapi?" Nitaeleza kwa mpango.

Kwanza, mipaka. Kijiji kikae na vijiji jirani, wazee waonyeshe alama, wapatane, na mipaka ipimwe. Kijiji kilichokwisha patana na jirani zake hupewa Cheti cha Ardhi ya Kijiji. Ulizeni: cheti chenu kiko wapi? Mmekiona kwa macho?

Pili, Mpango wa Matumizi ya Ardhi, kama ilivyo katika Sheria Namba 6 ya mwaka 2007. Kijiji huchagua kamati, wanawake kwa wanaume. Huchora ramani: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu, hapa chemchemi. Wafugaji waitwe katika kazi hii tangu mwanzo, pamoja na wale waliokuja juzi na ng'ombe zao. Hao ni ndugu zetu, na samadi yao tunaitaka. Mpango uliofanywa bila wao utavunjwa na wao. Mpango hauna nguvu mpaka Mkutano Mkuu uukubali.

Tatu, sheria ndogo za kijiji. Nani akate kuni, wapi, na lini. Mizinga ya magome ipunguzwe, maana mti uliochunwa gome hufa. Mizinga ya mbao ni bora. Faini ziandikwe, na stakabadhi itolewe.

Nne, Masijala ya Ardhi ya Kijiji, yaani mahali pa kutunzia maandishi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tano, Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Hati hii huweza kupewa mtu mmoja, au mume na mke kwa majina yao yote mawili, au kikundi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, walipata hati ya pamoja kwa ardhi yao ya kuwinda na kuchuma asali. Basi hata kikundi cha wakulima au wafugaji wa Tabora chaweza kuomba hati ya pamoja kwa malisho yao au msitu wao.

Sitawadanganya kwamba kazi hii ni rahisi. Kupima kuna gharama, wataalamu wa wilaya ni wachache, na vijiji vingine vimengoja miaka mingi. Tena Serikali ina haki ya kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma, ikilipa fidia. Hati haiwezi kuzuia kila kitu. Lakini kijiji chenye mipaka, mpango na maandishi husikilizwa, kijiji kisicho na hayo huambiwa, "Ardhi yenu hii ilikuwa pori tu."

Neno la mwisho. Mkutano Mkuu wa Kijiji hupaswa kukutana kila miezi mitatu. Wengi wetu hatuendi. Twasema tuna kazi, au twasema wakubwa wamekwisha amua. Lakini asiyekuwepo na lake halipo. Mtu anayeacha kwenda mkutanoni miaka mitano asishangae siku anapoona kamba za kupimia zinapita nyuma ya shamba lake. Mwenye ardhi ya kijiji ni mkutano ule. Ukitaka kuwa mwenyewe, nenda ukakae, usikilize, uulize, na uone neno lako likiandikwa katika kumbukumbu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Taja vitu vyote ambavyo jamaa yako ilivipata mwaka jana kutoka ardhi ya pamoja ya kijiji. Kama ungevinunua, vingekugharimu kiasi gani?

2. Kijiji chenu kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji? Kina Mpango wa Matumizi ya Ardhi? Nani anavitunza?

3. Mkutano Mkuu wa mwisho ulikuwa lini? Katika kikundi hiki ni wangapi waliohudhuria, wanawake wangapi na wanaume wangapi?

4. Mgeni akiomba eka 500, ninyi mtamwuliza maswali gani kabla ya kujibu?

5. Je, kijijini kwenu kuna mahali panapofaa kufungwa kuwa ngitili? Nani atalinda, na atalipwa nini?

Kazi ya kufanya kabla ya somo lijalo: Watu watatu wa kikundi, na mmoja wao awe mwanamke, waende kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Wamwombe kwa heshima awaonyeshe daftari la ardhi na kumbukumbu za mkutano wa mwisho. Karani aandike waliyoyaona, na ayasome mbele ya kikundi.